Nilimwekea mama kioo cha giza dirishani ili apate baridi, mpaka leo roho inaniuma

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi hapa jukwaani kuna jamaa aliuliza aweke madirisha gani nyumbani kwake ili joto lisiingie na AC isile umeme sana. Mkamshauri vizuri tu: kioo cha giza, mpira pembeni, kizima kisichofunguka. Niliandika comment, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Nikaona bora nianzishe uzi wangu. Anayedhani ni chai, hadithi ya kutunga, apite kimya kimya, sitagombana na mtu. Naandika kwa simu na macho yenyewe ya kizee, mtanivumilia.

Ni miaka ya tisini, enzi za ruksa. Vitu vilikuwa vinaingia bandarini mpaka unashangaa: mitumba, friji, AC zilizotumika Ulaya, kila takataka na kila neema. Mie nilikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo. Kijana, suruali ina pasi kali, kichwani maringo matupu.

Tulikaa Tandika, nyumba ya Kiswahili, korido katikati na uani nyuma. Baba alishafariki. Mke tulishaachana. Tulibaki watatu: mie, mama, na Zena, binti wa ukoo kutoka Kisarawe aliyekuwa anamsaidia mama maana miguu ilishagoma. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani ilikuwa safari.

Lakini akishafika dirishani, basi, mtaa wote wake.

Lilikuwa dirisha la zamani, mbao mbili za mninga zinafunguka kwa nje, nondo katikati. Chini yake baraza. Watu wakipita wanasimama.

"Bi Kidawa, umeamkaje?"

"Salama. We unaenda wapi na kanga hiyo? Rudi ukabadili, unatutia aibu!"

Vicheko. Mama ndiye anajua nani kajifungua, nani kaachika, samaki leo wakoje. Ramadhani sahani za futari zilikuwa zinapita hapo hapo kwenye nondo, zinaenda na kurudi.

Kinara wao alikuwa Bi Tatu. Shoga wa mama tangu usichana, walichezwa ngoma ya unyago pamoja. Kila asubuhi akienda sokoni anaegemea dirishani, anampa mama nusu ya kitumbua chake, halafu wanateta watu mpaka wanachoka. Mie nikiwa bafuni nawasikia, nacheka peke yangu.

Sasa siku moja bosi alinituma nyumbani kwake Msasani kupeleka makaratasi. Nje jua la saa saba linaunguza, ndani baridi kama umefungua friji. Madirisha aluminiamu, vioo vya giza. Nikasema moyoni, mama yangu na yeye atakaa hivi. Kile chumba chake cha mbele kilikuwa kinapigwa na jua la asubuhi na bati juu, anashinda anajipepea kwa kipepeo cha ukili.

Wakuu, nia ilikuwa njema. Naomba hilo mlishike.

Nikanunua AC ya mtumba, nikapata fundi wa madirisha kutoka Kawe. Akapima, akaniambia, "Braza, ukiweka linalofunguka baridi inavuja, AC inakula umeme bure. Weka kizima. Jua likigonga hapa linarudi lilikotoka." Kwa upande wa joto jamaa alisema kweli tupu, siwezi kumlaumu.

Mama aliuliza swali moja tu. "Sasa salamu zitapita wapi?"

Nikacheka. "Mama, watu watapiga hodi mlangoni kama wastaarabu."

Mama akasema zile mbao zisitupwe. Zena akaziegesha uani, nyuma ya jiko.

Tandika nzima ilikuja kulitazama dirisha. Kwa ndani unaona nje vizuri kabisa. Kwa nje, mchana, unajiona mwenyewe, na sauti ya ndani haikufikii. Haikupita wiki likawa kioo cha mtaa. Kina mama wanarekebisha ushungi, vijana wanapaka mate nyusi. Mie mwenyewe kila asubuhi, nikishamuaga mama ndani, natoka nasimama pale na chanuo, nachana nywele, naondoka. Nilijisikia mtu, wee acha tu.

Nikirudi jioni nauliza, "Baridi vipi, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Amejifunga kanga mbili na juu sweta la marehemu baba. Wazee wetu mnawajua. Umempa zawadi, atasemaje haifai?

Umeme ukikatika Zena anamtoa uani. Ukirudi, anamrudisha ndani. Usiku pazia linashushwa. Ndiyo maisha yakawa hivyo.

Siku moja tunakula, akaniuliza, "Hivi Tatu nimemkosea nini?"

"Kwani vipi?"

"Anakuja, anasimama hapo dirishani. Ananitazama usoni. Namsalimia haitiki. Anageuka anaenda zake. Kila siku."

Wakuu, someni tena maneno ya mama. Mtu mzima mwenye akili zake, tena aliyechana nywele kwenye kioo hicho hicho asubuhi ile, alitakiwa aelewe pale pale. Mama hakujua kwamba nje haonekani! Tangu fundi amalize hakuwahi kufika upande wa barabarani. Angejuaje?

Mie nikajibu nini? "Mama, huo ni wivu. Tumepata, wanatuonea gere. Achana nao."

Nililisema kwa raha kabisa, huku natafuna.

Mama akanitazama. Akasema, "Tatu? Tatu anionee gere mimi?" Akanawa mikono kabla hajamaliza kula.

Baada ya hapo nikakuta kiti chake kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Nikadhani upepo wa AC unampiga machoni. Nikamwambia Zena aelekeze ile AC juu kidogo. Mjinga mie.

Masika yalipoanza mama akashikwa na homa. Siku nne tu, akaondoka.

Msiba ulijaa. Watu wa Tandika kwa kuzikana hawana mpinzani. Siku ya tatu, hitma imesomwa, nimekaa na Zena uani, analia anasema, "Kaka, bibi alikuwa anakupungia mkono."

"Wapi?"

"Dirishani, ukichana nywele. Kila asubuhi. Mwanzo alikuwa anacheka, anasema mwanangu ana maringo haniitikii. Nikadhani anatania tu. Baadaye akaacha."

Nikamuuliza, na Bi Tatu je? Akasema Bi Tatu alikuja kupiga hodi mlangoni mara mbili. Mama akamwambia Zena, mwambie nimelala. Mara ya tatu hakuja.

Nikatoka nje. Nikasimama mbele ya lile dirisha mchana kweupe. Nikaona kofia yangu, ndevu za msiba, na watu wamekaa mkekani nyuma yangu. Cha ndani sikuona. Nikabandika uso kwenye kioo, nikaziba jua kwa viganja, ndipo nikaona kiti cha mama kimetazama ukuta.

Bi Tatu akaja akasimama pembeni yangu. Sauti imemkauka kwa kulia.

"Mwanangu, usinifiche. Mama yako alinichukia kwa lipi? Nikija mlangoni naambiwa amelala. Nikawa napita hapa kila siku nasimama, labda atanionea huruma anifungulie."

Nilikuwa nalo jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema, "Hakukuchukia, bi mkubwa. Maradhi tu yalimchosha."

Woga, wakuu. Nilimwogopa bibi wa watu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Arobaini ilipopita nikamwita seremala wa mtaani, tukang'oa kile kioo na ile aluminiamu yake. Tukarudisha mbao za mninga na nondo. Joto likarudi lote kama tulivyoliacha. Nikawa siku za mapumziko nakaa kwenye kiti cha mama, dirisha wazi.

Bi Tatu akapita. Akasimama, akashika ile mbao, akaipapasa.

"Ungelifungua na yeye yupo," akasema.

Hapo sikuweza tena. Nikamwambia yote. Kwamba mama alikuwa anamuona. Kwamba alikuwa anamsalimia kila asubuhi yuko hatua moja kutoka kwake, anadhani anasuswa. Kwamba mie niliambiwa nikasema ni wivu.

Akaniuliza, "Alikuwa ananiona?"

"Kila siku, bi mkubwa."

"Astaghafirullah! Na mie nilikuwa nachokonoa meno hapo!"

Akacheka. Alicheka kweli, kile kicheko chao cha zamani, mpaka akashika nondo. Nikaanza kucheka na mie. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika vingine, na kanga imeshaziba uso.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alijifuta, akachukua kikapu chake, akasema, "Haya, mwanangu, kwaheri."

Hakupita tena mtaa wetu. Akawa anazungukia njia ya msikitini, na ni mbali, na miguu yenyewe ilishaanza kumsumbua. Nilikwenda kwake nikakaribishwa chai, tukaongea mambo ya mvua. Alipofariki nilishika jeneza. Wanawe walinipokea vizuri, hawakujua kitu.

Sasa na mie nimestaafu. Zena aliolewa zamani, yuko kwake na wajukuu. Nimebaki peke yangu kwenye nyumba ile ile. Kila asubuhi nafungua zile mbao, nakaa. Wapitao siku hizi macho yako kwenye simu. Mwezi uliopita mtu alisimama kabisa mbele yangu, moyo ukanipasuka kwa furaha, nikajiweka sawa niitikie. Kumbe anatafuta mtandao.

Sisemi msiweke vioo. Wekeni, joto la Dar halina adabu. Ila kama mzazi wako anakaa chumba hicho, weka kinachofunguka, baridi ivuje kidogo, bili ipande kidogo. Na fundi akishaondoka, mshike mzee mkono umtoe nje, ajue huko nje kinaonekana nini. Ni dakika mbili tu. Na akikwambia jambo mnakula, acha kwanza kutafuna.

Huyo jamaa wa juzi akiuona huu uzi, mdogo wangu, nilikuwa naandika kwako.

Haya, karibuni mseme. Hata kunisuta ruksa, nastahili. Nitamjibu kila mmoja, muda ninao. Nipo hapa dirishani.