Mtani Alinililia Nikiwa Hai

Sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole changu mchana kweupe na mimi sikusikia. Hilo ndilo lililonitisha. Damu niliiona kwanza kwenye kitambaa, sare ya harusi ya watu, ndipo nikakiangalia kidole. Nikakuta sindano imeingilia juu pembeni ya kucha, imetokea chini. Nilikuwa nimesinzia, mguu bado unakanyaga pedali.

Nikazungusha gurudumu kwa mkono, nikaichomoa, nikafunga kipande cha kitenge, nikaendelea kushona. Ufundi nimejifundisha mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, kwa hiyo nimezoea kutomuuliza mtu.

Mama alikuwa chumba cha nyuma ya fremu yangu ya kushonea, hapa Mazimbu. Kiharusi kilimlaza upande wa kulia, nikamteremsha kutoka kijijini kwetu Matombo, nikawaambia ndugu wote kwamba mama yangu simgawi. Kumwogesha mimi, kumlisha mimi, kumgeuza mimi, akilala ndiyo nashona. Mama mdogo akipiga simu kwamba anakuja kunipokea zamu, namjibu vibaya mpaka anakata. Jirani yangu anayekaanga chapati aliwahi kuniambia, "Mwanangu, niachie mama kidogo ukalale." Nikamuuliza kama mama yangu ni unga. Hakurudia tena. Watu walikuwa wananiogopa, mimi nikadhani wananiheshimu.

Basi kesho yake nipo kwenye cherehani, kidole kimevimba kama ndizi ya mzuzu, nikasikia mtu analia barabarani. Kilio cha msiba kabisa, kile cha kuvuta. "Jamani fundi wetu, umetuachia nani, jamani." Nikasimama. Nikachungulia nje.

Nikamwona mwanamke wa kwetu Matombo, mtu mzima, mkungu wa ndizi kichwani, kanga amejifunga kiunoni kama yupo msibani. Ukoo wake na wetu ni watani. Kwetu mkifiwa, mtani ndiye anayewachimbia kaburi, ndiye anayemwigiza marehemu alivyokuwa anatembea na kusema, na akikusema wewe uliye hai hukasiriki. Ukimkasirikia mtani umeuaibisha ukoo mzima.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marehemu haamkii watu. Lala."

"Marehemu nani?"

"Wewe. Nimewahi, maana nikirudi ni kulima, sitapata nafasi ya kukuzika."

Wanafunzi waliofuata nguo zao wakacheka. Watu wakaanza kusogea. Akatua mkungu, akakaa kwenye kiti changu, akakunja sura, akawa anashona huku kichwa kinaanguka. Akizinduka anafoka, "Mama yangu simgawi," kwa sauti yangu ileile, mpaka namna ninavyobinua mdomo. Jirani wa chapati alicheka hadi chapati ikaungua. Mimi damu inachemka. Angekuwa mtu mwingine ningemrushia pasi. Lakini mtani unamfanya nini? Huu mdomo wangu, mtaa mzima unaujua, siku hiyo ukakosa kazi.

Akanishika mkono ili anivute, akakiona kidole. Akaacha mchezo.

"Hiki nini?"

"Sindano."

"Hospitali umeenda?"

"Mama nimwache na nani?"

Akawageukia watu. "Mmemsikia? Tumejaa hapa kama kumbikumbi, mwenzenu anauliza na nani."

"Nani kakutuma wewe?" nikamuuliza. Nilishajua ni mama mdogo, maneno ya kumwambia kwenye simu nilikuwa nimeshayapanga.

Akaelekeza mdomo chumbani. Na kutoka nyuma ya pazia nikasikia, "Ni... mimi."

Mama tangu kiharusi maneno yanamtoka moja moja. Nikaingia. Kumbe nilipoenda kununua nyuzi, alimwomba jirani ampigie simu mtani. Nikamuuliza, "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Maji... sinywi."

Sikuelewa. Akarudia polepole. Maji alikuwa analowanisha ulimi tu, mengine anayaacha, ili asipate haja, ili nisimnyanyue. Ananiona nasinzia, anakaa na kiu yake, kimya. Na kikombe mimi nilikuwa nakiona kimejaa kila siku, namwaga, naweka mengine.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Mimi niliyekuwa napigana na kila mtu kwa ajili yake, mama yangu anakauka pembeni yangu ili mimi nipumzike.

Mtani akaingia na jirani. Wakamkalisha vizuri, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakampa kikombe. "Kunywa, mtani," akamwambia, "leo wanyanyuaji tumejaa. Ukijikojolea nitakutangaza Matombo nzima." Mama akacheka kwa upande mmoja wa uso. Akanywa chote. Akaomba kingine. Nikawa naangalia koo lake linavyopanda na kushuka.

Nikampigia mama mdogo. Nilipomwambia njoo tusaidiane, akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna, njoo tu, mama, nimechoka. Neno hilo sikuwahi kulisema mbele ya mtu.

Jirani akaepua kikaango, akachukua kanga ili anisindikize zahanati. Nikawa nasitasita pale kwenye pazia, namtazama mama, naangalia kama mto umekaa sawa.

"Nenda," mtani akasema, bila hata kugeuka. "Na ukifia njiani usitusumbue. Sisi tumeshalia."