Kisanduku cha Jenipher na Dungu la Shangazi

Kilichomkera Jenipher kuliko vyote ni kwamba kisanduku kilikufa huku taa yake ya kijani ikiwaka, bila aibu. Alikifunga mwenyewe, pamoja na sola na betri yake, kwenye nguzo ya banda la shangazi yake Hildegarda, nyuma ya Mikumi, pale mahindi yanapoishia na hifadhi inapoanza. Tembo akigusa waya wa shamba, kihisi kinapeleka habari kwenye kisanduku, king'ora kinalia, tembo anaghairi. Usiku wa juzi tembo hakughairi. Alikula mahindi akashiba, akaacha mavi kama risiti, na king'ora hakikutoa hata mguno.

Sasa shangazi alikuwa na blanketi begani, anatikisa ngazi ya dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia mahindi, kuona kama bado ina nguvu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mashine yako imelala?"

"Nishaiwasha tena. Lala ndani leo, itafanya kazi."

"Jana uliiwasha, na wiki iliyopita uliiwasha. Hata Lazaro alifufuliwa mara moja tu."

Akapanda, goti moja likikataa kukunjika. Goti hilo liliharibika mwaka jana, tembo alipojikuna kwenye nguzo za dungu hilohilo, shangazi akadondoka kutoka juu. Ndiyo maana kisanduku kilitengenezwa: mama wa watu alale chini ya bati kama binadamu wengine.

Jenipher hakupata usingizi kwenye chumba chake cha kupanga mjini. Yeye ni mchapaji wa stesheneri ya barabarani, anawapigia kopi madereva wa malori. Diploma yake ya kompyuta aliiacha Morogoro katikati, kama chai iliyoingia nzi. Asubuhi aliomba ruhusa, akabeba kisanduku mpaka Kilosa kwa Obed, fundi simu aliyesoma naye, mwenye waya wa kusomea maneno ya mwisho ya mashine.

"Bado unahangaika na hilo debe?"

"Debe kichwa chako. Lete waya."

Maneno ya mwisho yalikuwa yaleyale ya safari iliyopita: keneli imeomba ukurasa ambao haupo. Keneli ndiyo kiini cha mfumo wa mashine, msimamizi wa kumbukumbu yote. Anaikata kumbukumbu vipande vinavyoitwa kurasa, anazigawia programu, zikimaliza zinarudisha. Programu ya kawaida ikidai ukurasa usio wake, inafukuzwa peke yake. Keneli mwenyewe akikosea hivyo, hakuna wa kumfukuza. Kila kitu kinasimama, isipokuwa taa, maana taa haijui kinachoendelea.

"Ramu mbovu hiyo," Obed alisema, akigonga chipu ya kumbukumbu. "Tupa, nunua nyingine."

"Ramu mbovu inakosea popote. Hii inaanguka mstari uleule kila ikifa."

"Mstari wa nani?"

"Wangu," Jenipher alijibu, na akaanza kuzunguka duka zima akitafuna kifuniko cha kalamu, mpaka mteja mmoja akamuuliza ni jino la upande gani.

Mstari huo ulikuwa kwenye kiendeshi, kile kiprogramu alichoandika ili keneli izungumze na kihisi. Akaongeza amri ndogo: kihisi kikitoka au kikiingia, andika. Jioni alikirudisha kisanduku shambani, waya wa Obed mfukoni, na siku zilizofuata alikuwa akitoka kazini anakimbilia huko kusoma yaliyoandikwa na kukiwasha upya. Shangazi aliendelea kulala dunguni, na kila asubuhi alishuka taratibu zaidi.

Jibu lilikuja la ajabu. Kihisi kilikuwa kinaondoka kila asubuhi, na keneli inakufa papo hapo. Kila asubuhi, ila Jumapili.

"Panya wanatafuna waya," Obed alimwambia kwenye simu.

"Panya gani huyo anakwenda kanisani?"

Jumatatu alifika shambani bila taarifa, umande haujakauka. Kihisi kilikuwa kimewekwa juu ya kiroba kama kitoto kilicholala. Kwenye tundu lake pale kisandukuni palichomekwa waya wa vichwa vitatu, na simu tatu zinanyonya kama watoto wa nguruwe. Jirani yao Kishiwa, wa ile familia ya Kisukuma yenye ng'ombe, alikuwa amekaa kwenye ndoo akisubiri yake ijae.

"Shikamoo shangazi. Nilisema kisiguswe."

"Marahaba. Sijakigusa, nimechomoa tu waya. Mchana tembo wako kwao, hicho kidude kinakaa bure. Jioni nakirudisha, naangalia taa, ya kijani."

"Mimi ndiye niliomba, mdogo wangu," Kishiwa alisema. "Kwetu huku umeme haujafika."

"Na Jumapili?"

"Jumapili tuko kanisani," shangazi alisema. "Nani wa kuchaji?"

Dukani kwa Obed, kila alipojaribu, Jenipher alizima mashine kistaarabu kabla ya kuchomoa, kama alivyofundishwa chuoni. Kumbe kihisi kikichomolewa ghafla, kiendeshi chake kilikuwa kinarudisha ukurasa bila kuiambia ile saa ya ndani inayoamka kila mara kusoma kihisi. Saa inaamka, inakwenda anwani ya zamani, haikuti kitu, na inaangusha nyumba nzima.

Angeweza kukataza simu. Badala yake alimwondoa Kishiwa kwenye ndoo, akakaa na kompyuta mapajani, akabadilisha mpangilio: saa izimwe kwanza, isubiriwe imalize kazi, ndipo ukurasa urudishwe. Akawasha upya, akachomeka kihisi.

"Chomoa, shangazi."

"Ulisema nisiguse."

"Chomoa tafadhali."

Akachomoa. Jenipher alitazama kioo. Keneli ilikuwa hai.

"Rudisha. Chomoa tena. Kishiwa, na wewe."

Walichomoa na kurudisha mpaka shangazi akasema tundu litapanuka. Mwishowe Kishiwa alikwenda pembeni ya shamba akatikisa waya. King'ora kililia, kuku wakatawanyika, simu moja ikaanguka kutoka juu ya kiroba.

Shangazi alisubiri kelele ziishe.

"Kaniletee blanketi langu kule juu."

"Na ngazi niitoe?"

"Iache hapohapo. Nitaifanya kuni za ugali siku utakayomaliza diploma."

Jenipher alishuka na blanketi linalonuka moshi. Alipopita kwenye kisanduku, akachomoa waya wa kihisi mara moja zaidi, akaurudisha.