Gego la Juu la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka miwili alitafunia upande mmoja tu. Kulia, juu, alikuwa na gego bovu lililomnyima raha, lakini habari ya kung'oa hakutaka hata kuisikia. Aliambiwa na mteja, naye akawaambia wateja wengine, kwamba jino la juu lina mshipa unaopanda hadi jichoni: ukiling'oa, na jicho limekwenda. Na fundi asiyeona atashona nini?

Basi akajitibu mwenyewe kwa karafuu, maji ya chumvi na vidonge vya maumivu alivyovificha kwenye kopo la vifungo. Likitulia siku tatu, anatamba: "Si unaona? Limepona lenyewe." Nilikuwa namkasirikia waziwazi. Nilimwambia jino lililotoboka halijizibi, akanijibu kwamba nina mdomo sana.

Asubuhi moja akaamka shavu limevimba, jicho la kulia limefumba kabisa. Alishindwa hata kutunga uzi.

"Haya, shangazi, jicho limekwenda na jino bado unalo," nikamwambia. Hapo akakubali nimpeleke.

Daktari wa meno, mama mmoja mpole, alimsikiliza hadi mwisho bila kucheka. "Mama, mshipa wa jino hauendi jichoni. Jicho lako limezibwa na huo uvimbe wa jino."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

Akapewa dawa, uvimbe ukashuka, na siku ya kung'oa alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Gego lilipotoka tu, akafunika jicho la kushoto akaanza kusoma kwa sauti tangazo la ukutani, pamba mdomoni. Hatukuelewa hata neno moja, lakini alisoma mpaka mstari wa mwisho, na sote tukacheka.

"Ungewahi, tungeliziba tu, ukabaki nalo," daktari akasema.

Nje, kwenye benchi, shangazi akatokwa na machozi, nikadhani analilia jino lake.

"Bibi yako naye aliumwa meno ya juu," akaniambia. "Kila mara ananiomba nimpeleke, nami namwambia, mama, utapofuka. Miaka sita nikampondea chakula, mpaka akafa."

Nikamsogelea.

"Na alikuwa akinishukuru," akasema. "Kila nikimpa sahani, ananishukuru kwa kumlindia macho."