Betri Aliyoitoa Mama Mkwe

Betri ile ya taa niliitengeneza mwenyewe, kwa seli zilizotolewa kwenye laptopu mbovu za soko la Owino. Niliziunga mfululizo bila kupima kila moja, nikazichaji zote kwa pamoja sebuleni kwetu Kasubi. Fundi gani mimi! Seli moja iliyochoka ilijaa kabla ya wenzake, na chaja ikaendelea kuisukumia umeme.

Moshi ulipoanza nilikuwa uani. Sebuleni alikuwemo mama mkwe, mgeni wetu, peke yake. Kwetu Waluhya, na kwa Waganda vilevile, mwanamume haingii chumba alimo mama wa mkewe. Nikasimama mlangoni, macho chini, nikipiga kelele: "Mama, toka! Iache hiyo betri!"

Hakuiacha. Alitoka amejifunika uso kwa shuka, betri ikifuka ndani ya sufuria, akaiweka karibu na miguu yangu, akanipa mgongo huku akikohoa.

Majirani walinisifu: mkwe mwenye adabu, hata moto haukumfanya avunje mila. Nami, mpumbavu, nikaitikia kwa kichwa.

Mila! Hata angekuwemo mke wangu mle ndani, nisingeingia.