Chujio Jekundu la Mume Wangu

Mume wangu alinunua chujio jipya la hewa la pikipiki siku niliyomtuma Korogwe dawa ya kuku. Dawa ya kuku hakuileta. Alileta kitu chekundu chenye umbo la pia, kinachong'aa mdomoni, ndani ya boksi lililochorwa pikipiki ikiruka juu ya mlima.

"Hii ndiyo inayofanya injini ipumue," akaniambia.

Nikamuuliza ile ya zamani ilikuwa inafanya nini.

"Ile ilikuwa inaibana."

Mimi nauza vitenge na kanga kwenye magulio. Pikipiki ile ndiyo inayonifikisha Sindeni na Kwedizinga, mume wangu akiendesha na furushi likiwa katikati yetu, kwa hiyo suala la kupumua lilinihusu. Injini siijui, lakini vumbi nalijua. Kiangazi, vumbi letu linaingia hadi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Nimeshauza kanga nyeupe kama ya rangi ya krimu, na mteja akashukuru.

Chujio lililokuja na pikipiki lilikuwa la karatasi, limefichwa ndani ya boksi jeusi la plastiki chini ya kiti. Mume wangu akalifungua boksi lote, akalisukuma chini ya kitanda, kisha akalibana lile jekundu moja kwa moja kwenye kabureta, likakaa nje, wazi, kila mtu alione. Alipopiga kiki, kuku wakaruka ukuta.

"Umesikia nguvu hiyo?"

Nilisikia. Milima tuliendelea kuipanda kwa gia zile zile, ila sasa kwa kelele. Faida moja naikubali: mama mkwe wangu, anayeishi Kwedizinga, alianza kutusikia tukiwa mbali, na tulipofika tulikuta ugali umeshasongwa.

Sikumpinga sana. Tangu tuoane, mume wangu alikuwa hajawahi kununua kitu kwa sababu tu kimempendeza. Viatu vyake nachagua mimi. Jioni nilimkuta amechuchumaa, anaufuta ule wekundu kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Haukupita muda, pikipiki ikaanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili. Tukaenda kwa fundi, pale pale Chanika tunapoishi. Fundi akalitoa chujio, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta, akatuonyesha. Kidole kilikuwa kama kimechovywa kwenye unga wa tofali.

"Linapitisha vumbi," akasema.

"Kwa hiyo halifai?" nikauliza.

"Linafaa. Hata mimi ninalo kwenye yangu." Akalifikiria kidogo. "Livalisheni soksi."

Tukalivalisha soksi ya shule ya mwanetu. Mume wangu akasema sasa tatizo limekwisha, na mimi nikabaki na mtoto mwenye soksi moja.

Masika yakaingia. Mama mkwe alikuwa na harusi ya mjukuu wake Sindeni, na yeye ndiye wa kumvisha bibi harusi. Alikuwa ameikataa bodaboda iliyotumwa kumchukua kwa sababu ana mtoto mwenye pikipiki. Tukampitia Kwedizinga, tukapanda watatu: mume wangu mbele, mama mkwe katikati na kanga zake mpya, mimi nyuma nimekumbatia beseni la maandazi.

Kwenye bonde moja barabara ilikuwa imefunikwa na maji. Hayakuwa mengi; bata angeyavuka kwa miguu.

"Mwanangu, tushuke?" mama mkwe akauliza.

"Kaa tu, mama. Hii ina nguvu."

Tulifika katikati. Maji yakaruka, soksi ikayanywa, chujio likayanywa kutoka kwenye soksi, na injini ikayapokea. Pikipiki ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nikasikia ndege.

Mume wangu akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Mama mkwe hakushuka, akabaki amekaa juu ya kiti katikati ya maji, mikono magotini. Mimi nilikuwa nimeshasimama majini, beseni kichwani, nikimwonea aibu yeye, nikimwonea huruma mume wangu, na huku nabana midomo nisicheke.

Akatokea kijana wa Kimasai kwenye pikipiki, shuka limefungwa shingoni, madumu ya maziwa yamening'inia pande mbili. Aliyavuka maji yale bila hata kupunguza mwendo, akasimama ng'ambo, akarudi kwa miguu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Unapita Sindeni?"

"Napita."

Mama mkwe akamnyooshea mkono ateremshwe. Hakutuaga. Tulimwona anapotelea kwenye kona, kanga inapepea, ameshika dumu la maziwa kama mpini.

Sisi tulisukuma. Tulipofika, bibi harusi alikuwa ameshavishwa na ameshatolewa, na pilau limebaki ukoko. Tuliula pamoja na maandazi. Mume wangu alikula ameangalia ukuta.

Injini ilifunguliwa. Pistoni na ringi zikabadilishwa, na boksi jeusi likatolewa chini ya kitanda. Korogwe safari hii tulikwenda wote wawili. Tulinunua chujio la karatasi la kuigiza, si la kampuni iliyotengeneza pikipiki, na mpaka leo halijatusumbua. Kabla ya kulichukua nililikagua ukingo wa mpira kama ninavyokagua pindo la kitenge, nikahakikisha linakaa kwenye boksi bila kuacha upenyo. Wanaoniuliza gulioni nawaambia hivyo: la kuigiza si baya, mradi linaziba. Lile la wazi mnunulie mtu anayeishi kwenye lami.

Mama mkwe yeye aliifurahia safari ile. Yule kijana sasa hupita kwake kumpelekea maziwa, na mama mkwe akiwa na haja ya kwenda mahali, humngoja kijana huyo. Tukienda Kwedizinga tunapewa chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi. Mume wangu huomba ya rangi.