Kitambi cha Kaka

Kaka yangu alikuwa mchoraji wa katuni. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti na vijarida vikaanza kumiminika mitaani, alichora jibaba moja lenye kitambi na suti ya kubana. Katika kila toleo jibaba hilo lilijifanya bosi, na kila mara likaumbuliwa na mbuzi. Dodoma nzima ilicheka. Wafanyabiashara wa Majengo walipoanzisha maandamano yao ya kila mwaka baada ya mavuno, watu wakijivika kama wahusika wa katuni, kaka ndiye aliyetangulia mbele. Alijifunga mto tumboni, akavaa suti, akavuta mbuzi wa kweli kwa kamba.

Kisha akaugua. Kilianza kikohozi, zikafuata homa, mwili ukaisha. Majirani zetu wa Ipagala wakawa wanatusalimia kutoka mlangoni, hawaingii. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja, hata mama.

Maandamano yalipokaribia, kaka aliomba suti yake. Mama akamvalisha palepale kitandani. Koti likamning'inia mabegani kama limetundikwa msumarini. Akajifunga mto, akasimama, akakaa tena.

"Mto umekuwa mzito," alisema.

Mama aligeukia ukutani.

"Vaa wewe," kaka akaniambia.

"Mimi msichana, kaka."

"Ukishakuwa na kitambi, nani atajua?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja hadi kikaisha.

Siku yenyewe jirani mmoja alimpakia kwenye baiskeli, akaikokota taratibu hadi Majengo. Muuza mtama mmoja akamtolea kiti mbele ya duka lake, halafu yeye mwenyewe akaenda kusimama upande wa pili wa barabara. Mama alimfunika kaka blanketi, ingawa jua lilikuwa kali.

Nilitembea mbele na suti na mto wa kaka, nikimvuta mbuzi, upepo ukinijaza vumbi machoni, ngoma zikivuma nyuma yangu. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Nilipofika karibu na lile duka, mbuzi aliona mtama uliomwagika, akanivuta kwa nguvu, nikaanguka kifudifudi. Umati ukaangua kicheko. Nilipoinua kichwa, kaka alikuwa ananitazama, hacheki, kwa jicho lile alilokuwa akikagulia michoro yake. Akajigusa tumbo. Nikaelewa: mto ulikuwa umeteremka. Nikaupandisha, naye akatikisa kichwa kukubali.

Mama mmoja aliyesimama kando yake, ambaye hakumtambua, akamuuliza, "Eti kijana, yule mchoraji mwenyewe mwaka huu yuko wapi?"

"Amesafiri," kaka akajibu.

Nilivuta kamba, nikaendelea na safari. Nashukuru vumbi la siku ile, maana kila mtu alikuwa anajifuta macho.

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Tulimzika Mlali, kwao mama, kwenye udongo mkavu uliowachosha wachimbaji wawili.

Mwaka uliofuata wanaume kutoka Majengo walikuja nyumbani. Waliomba nitangulie tena, wakasema watu wameniulizia sana. Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Hakuuweka ungo chini.

"Tuna msiba," akawaambia.

Matanga tulishayaanua zamani, lakini hawakubisha. Waliaga, wakaondoka. Alasiri tukazisikia ngoma kwa mbali, kila upepo ulipogeuka, na mama akaendelea kupepeta.