Pointi Kumi na Sita za Mujukuu Wangu

Mimi sikukulia na mambo ya basketi. Wakati wetu musichana alikimbia kama mvua imekuja na maharagi yake yako nje, basi. Lakini mujukuu wangu, huyu niliyemulea tangu aache ziwa, aliingia chuo hapa Bukavu kusoma mambo ya udongo na mashamba, na kabla sijajua kama wamemuandika vizuri, alikuwa tayari kapiteni wa ekipi ya wasichana. Nilimuuliza, "Walikuita kusoma ao kuruka?" Akanijibu, "Koko, vyote viwili." Koko njo mimi, nyanya yake.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu mimi nililielewa kwa kuchelewa, na kule kuchelewa njo kulileta mambo yote. Vyuo vinapangwa kwa makundi. Kundi letu lilikuwa na vyuo vine. Kila ekipi inacheza na mwenzake mara mbili, mara moja kwake, mara moja kwa mwenzake. Mwishoni wawili wa kwanza wanapita, wanaingia mashindano makubwa, na wengine wanarudi kwa madaftari yao. Mwaka ule nafasi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na chuo kimoja cha hapa mujini, chenye wasichana warefu kama nguzo za umeme. Ilibaki nafasi moja. Walioitafuta ni sisi na wasichana wa tambarare ya Ruzizi, pande za Sange.

Wale wa tambarare walituzidi mechi moja. Tukiwapiga hapa kwetu, tunalingana. Na ekipi mbili zikilingana, watu wa komite ya mashindano wanaangalia namna zilivyopigana zenyewe kwa zenyewe. Kule kwao walitupiga na pointi kumi na tano, kwa sababu joto ya kule inamuyeyusha mutu wa Bukavu kama mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Kwa hiyo hapa ilitupasa kuwapiga na kumi na sita. Siyo na moja, siyo na kumi. Na mujukuu wangu alikuwa mwaka wake wa mwisho wa chuo. Kwake hakukuwa tena na "mwaka kesho".

Alitaka kunieleza yote haya. Sitasema uongo. Alianza siku ya Ijumaa, jikoni, niko nasonga bugali.

"Koko, kesho siyo kushinda tu."

"Kushinda ni kushinda. Lete sahani."

"Koko, sikiliza. Kuna tofauti ya pointi..."

"Usiniletee hesabu mahali pa moto! Wageni wana njaa, weye unahesabu. Lete sahani!"

Akaleta sahani.

Wageni wenyewe walikuwa wasichana wawili wa ekipi ile ile ya tambarare. Chuo hakikuwa na pa kulaza watu, basi kila mama wa mutaa wetu wa Kadutu mwenye chumba aliombwa apokee wachezaji wawili. Mimi nilipokea murefu mumoja, mwenye shingo kama ya korongo, na mwenzake mufupi aliyecheka kila kitu, hata mulango wangu ulipomugonga kichwa. Walifika wamechoka. Njia ya Uvira munaijua, ni mashimo na kona tupu. Walikuwa wanatetemeka kwa baridi, nikawavika masweta yangu ya kwenda misa ya kwanza, na yule mufupi sweta ilimufika kwa magoti.

Niliwapikia bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mufupi alionja, akasema, "Koko, sambaza ni tamu, lakini ni mutoto tu wa ndagala, samaki za kwetu."

"Ndagala gani? Zile munazikausha mupaka zinakuwa misumari?"

Murefu alicheka mupaka akakohoa. Mujukuu wangu pia alicheka. Lakini nilimuona anawaangalia mikono yao, urefu wake, kama mushonaji anayepima mutu kwa macho. Wao pia walimuangalia. Usiku walilala wote watatu katika chumba kimoja, na nilisikia mufupi anasema kwa giza, "Kapiteni, kesho utatuonea huruma?" Mujukuu wangu akajibu, "Hata kidogo. Lala."

Nilifikiri ni adabu mbaya. Nikasema moyoni, nitamufundisha.

Kesho yake tulishuka kwa miguu. Kiwanja cha basketi kiko chini, upande wa ziwa, na kutoka Kadutu ni kushuka, kushuka, kushika ukuta, kushuka. Nilikaa mbele kabisa, karibu na mustari, kwa kiti changu mwenyewe nilichobeba, kwa sababu simento ya pale ni baridi na mimi niko na mifupa ya zamani. Kulikuwa na ubao mweusi, na mutu wa chaki wa kuandika pointi. Namba ninazisoma vizuri. Nimeuza maharagi kwenye soko la Nyawera miaka mingi, hakuna mutu wa kunidanganya na namba.

Mujukuu wangu alicheza siku ile, ninyi! Mimi nilikuwa nadhani basketi ni kurusha mupira ndani ya kapu. Kumbe ni yeye kuupeleka mbele, kusimama, kumuonyesha mutu huku, kwenda kule. Alikuwa anaongoza wenzake kwa kidevu tu, anakinyanyua hivi, nao wanakimbia. Nilipomuona na kile kidevu nilijua kilitoka kwa nani.

Ilipobaki dakika chache, ubao ulisema sisi arubaini na saba, wao makumi mbili na nane. Kumi na tisa! Watu wa Kadutu walikuwa wanapiga masufuria. Vijana nyuma yangu walikuwa wanawaita wageni "watu wa muchele", na kuwaambia warudi wakafukuze ndege shambani. Wale watoto wa tambarare walikuwa wanapumua kwa midomo. Na pale pale yule murefu wangu, yule aliyekula kwangu, alianguka kifulifuli, akachubuka goti, mupira ukabaki kwa mujukuu wangu, na mujukuu wangu akamupita juu yake kama mutu anavuka mufereji.

Hapo nilisimama.

"Weye!" nikamuita, na jina lake lote la ubatizo. "Weye! Ulilala naye chumba kimoja! Ni nani alikufundisha kuruka mugeni?"

Mujukuu wangu alisimama. Mutu asiyelelewa na mimi hataelewa kwa nini alisimama. Alisimama kwa sababu miguu yake inajua sauti hii kabla kichwa hakijaisikia.

"Koko, tunacheza!" akaniambia, na machozi karibu.

"Muinue kwanza!"

Akageuka, akamupa murefu mukono. Na wakati anamuinua, mufupi akachukua ule mupira chini, akakimbia peke yake kiwanja muzima, akauweka ndani. Watu walicheka. Mimi nilipiga makofi. "Njo vile! Na wao waonje!"

Antreneri, mwalimu wao wa basketi, kijana mwenye ndevu tatu, alikuja mbio mbele ya kiti changu.

"Mama, nakuomba, ukae. Nakuomba kwa magoti."

"Weye njo unawafundisha huu ushenzi? Munashinda na nyingi hivi, munatafuta nini tena? Munataka warudi kwao wanalia?"

"Mama, pointi..."

"Pointi, pointi! Mugeni anashiba ao hashibi?"

 Sasa ninajua alikuwa na jibu, lakini hakuwa na wakati. Mupira ulikuwa umerudi kwa mujukuu wangu, na yeye alikuwa ananiangalia mimi, siyo mupira. Murefu mwenye goti la damu akaunyakua mikononi mwake, akamutupia mufupi, na mufupi akiwa mbali kabisa, huko kwenye mustari wa nyuma, akaurusha juu kama mutu anayetupa kuku nje ya nyumba. Ukaingia. Wa mbali unahesabiwa tatu. Mutu wa chaki akaandika makumi tatu na tatu.

Zilibaki kumi na ine.

Mujukuu wangu alichukua mupira wa mwisho. Hakuniangalia tena. Alikimbia, akasimama nyuma ya mustari wa pointi tatu, akaruka. Mupira ulizunguka chuma ya kapu mara moja, mara mbili, kama mutu anatafuta mulango, halafu ukatoka inje. Filimbi ikalia.

Mimi nikapiga vigelegele! Tulikuwa tumeshinda! Nilinyanyua kiti changu juu ya kichwa, nikaanza kucheza ule muchezo wetu wa arusi, mabega mbele, mabega nyuma. Nilicheza kwa muda muzuri kabla sijaona kama ninacheza peke yangu. Wasichana wetu walikuwa wamekaa chini, wamefunika nyuso na majezi yao. Na wale wa tambarare, wale tuliowapiga, walikuwa wanaruka, wanalala chini, wanabusu simento. Nilifikiri watu wote wamepata wazimu siku moja.

Mufupi alikuja mbio akanikumbatia na jasho lake lote.

"Asante, Koko! Asante! Umetupitisha!"

"Nimewapitisha wapi?"

"Kwenye mashindano, Koko! Mulitakiwa kutupiga na kumi na sita. Mumetupiga na kumi na ine!"

Akanibusu shavu, akakimbia. Nilikaa kwa kile kiti. Siku ile kupanda Kadutu kulikuwa kurefu kuliko siku zote, na mujukuu wangu alipanda mbele yangu, bila kugeuka, amebeba kiti changu. Alikibeba. Hilo nililiona.

Kwa siku nne aliniambia maneno matatu tu: ndiyo, hapana, na maji. Siku ya tano nilivaa kitambaa changu cha Pasaka, nikaenda kwa komite. Nilimukuta baba mumoja na karavati shingoni, nyuma ya meza yenye makaratasi.

"Baba, nimekuja ju ya zile pointi mbili."

"Pointi gani, maman?"

"Zile nilizozuia. Mutoto alikuwa anazileta, mimi nikamusimamisha. Siyo zake zilizopotea, ni zangu. Muzirudishe."

Alivua miwani. "Maman, karatasi imekwisha kutiwa sinyatire. Antreneri wote wawili, waamuzi wote wawili."

"Mutie tena. Kalamu unayo hapa."

"Hakuna artikle ya sheria inayosema juu ya nyanya."

"Basi muandike moja."

Alicheka, lakini kwa heshima. Akaniambia kama wataanza kuhesabu makosa ya wazazi kwenye viwanja, hakuna mechi itakayomalizika katika Kivu nzima. Akanisindikiza mupaka kwa mulango, na pale mulangoni akaniambia, "Mujukuu wako anacheza vizuri sana, maman. Sisi wote tulisikitika." Ningependa angenitukana.

Jioni nilimwaga maharagi juu ya ungo, nikamuita mujukuu wangu.

"Nielezee ile hesabu."

"Ya nini sasa, Koko?"

"Nielezee. Hakuna moto, hakuna wageni. Nasikiliza."

Alikaa. Akapanga punje kumi na tano upande mumoja, akasema, hizi ni zao, za kule kwenye joto. Akapanga kumi na ine upande mwingine, akasema, hizi ni zetu. Zikakaa pale, mistari miwili. Halafu akachukua punje mbili akaziweka mwisho wa mustari wetu, polepole, na ukapita ule mwingine kwa punje moja. Punje moja ya maharagi, watu wangu! Ndogo hivi, na mwaka muzima wa mutoto ulikuwa juu yake.

"Ulijua wakati nakuita?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Na ulisimama?"

"Ulinifundisha kusimama."

Nilizoea kusema kwamba mimi sitaomba mutoto radhi, kwa sababu mutoto akizoea kuombwa radhi anakuwa chifu. Siku ile niliomba. Nilimuambia, "Nimekukosea. Na nilikosea kwa sauti kubwa, mbele ya watu." Alirudisha zile punje kwenye ungo, moja moja. Halafu akasema, "Koko, ulicheza arusi," na akaanza kucheka, cheko baya, la kulia katikati yake, "ulicheza na kiti juu ya kichwa!" Nikamuachia acheke. Nilikuwa na deni la hilo.

Mashindano makubwa yalifanyika hapa hapa Bukavu, wiki tatu baada yake. Na munafikiri wageni walilala wapi? Walifika kwa mulango wangu, murefu na goti lililopona na mufupi mwenye gunia la muchele wa tambarare juu ya kichwa. Waliponiona walipiga kelele. Walipomuona mujukuu wangu nyuma yangu, wakarudi hatua moja inje. Mufupi, kwa mara ya kwanza, hakuwa na cheko.

Mujukuu wangu aliwaangalia. Kidevu kilipanda.

"Muingie," akasema. "Ile ekipi mutacheza nayo kesho, nilicheza nayo mwaka jana. Namba saba yao anapendelea mukono wa kushoto. Leteni karatasi."

Walikaa mupaka bugali ikapoa, wanachora.

Kesho yake alikaa karibu na mimi, kwenye simento, mimi kwenye kiti. Alipiga kelele kwa ajili ya wale wasichana wawili mupaka sauti ikamukauka. Mara moja tu, watu wa tambarare walipokuwa mbele na nyingi na wale wengine wakaanza kuyumba, nilisikia miguu yangu inataka kusimama. Hata wale wengine walikuwa watoto wa watu, walitoka mbali, walikuwa wamelala kwa mama fulani.

Mujukuu wangu akaweka mukono juu ya goti langu, bila kuniangalia.

"Koko. Kaa."

Katika maisha yangu hakuna mutoto aliyewahi kuniambia hivyo. Nikakaa.